Mnazi wa Waziri

Majina sitayataja. Si uoga. Wengi wao wamestaafu, na siku hizi nawaona sokoni wakibonyeza nyanya kama sisi wengine. Lakini vyeo nitavitaja, na kila aliyekuwa pale atajua nasema nani. Wakubwa wale walidhani mtunza bustani ni sehemu ya bustani. Hawakujua ana macho, na masikio, na kinyongo kinachokaa vizuri kama pilipili kwenye chupa.

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, pembeni ya barabara ya Waiyaki, pale ambapo Julai ukungu unaingia hadi ndani ya soksi. Leo kimebadilishwa jina, lango na rangi, kwa hivyo usihangaike kukitafuta. Nilifika miaka ya themanini kutoka kwetu magharibi, nikiwa na darasa la nne na mikono miwili. Nikapewa slasha, nikaonyeshwa nyasi, nikaambiwa mimi ni kibarua. Kibarua hakutakiwa kufanya kazi mfululizo hadi akazoeleka, kwa hivyo kila baada ya miezi michache afisa wa wafanyakazi alitufukuza Ijumaa na kutuita tena Jumatatu. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza, na namtaja mapema ili asijione amesahaulika.

Nilichotaka mimi ni kuandikwa kazi ya kudumu. Mtu akiandikwa alipewa nyumba katika ile safu iliyo nyuma ya jiko la wanafunzi: ukuta wa mawe, bati zima, na sinki ndani. Sisi tulikuwa tumepanga chumba cha mabati Kinoo, mimi, mke wangu na watoto, na maji ya kuoshea vyombo tulikuwa tukiyamwaga kwa jirani naye jirani akiyamwaga kwetu. Mke wangu alikuwa ameshachagua nyumba, ya mwisho kwenye safu. Jumapili tukitoka kanisani alinipitisha pale kuangalia kama walio ndani wameanza kuhama.

"Bado wako," anasema.

"Si wameandikwa."

"Na wewe unaandikwa lini?"

Hapo nilikuwa nainama kufunga kamba ya kiatu.

Sasa, mtu asiyekumbuka miaka ile lazima aelezwe jambo moja. Siku zile mgeni hakuweza kufika mahali akaondoka bila kupanda mti. Balozi, askofu, mkubwa wa benki, bingwa wa ndondi, wote walipewa mche, mkebe wa maji, na jiwe la saruji lenye jina lake. Mgeni anapigwa picha, anapangusa mikono, anakunywa soda, anaenda. Mti unakufa. Jiwe linabaki. Kando ya jengo la utawala tulikuwa na safu ndefu ya mawe hayo bila mti hata mmoja, na wanafunzi walipaita makaburini. Mimi nilikata nyasi kuzunguka majina ya watu wakubwa na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kurudi kuuliza mti wake uko wapi.

Kosa la hawa watu wa kisiwani ni kwamba walirudi.

Kisiwa chao kilikuwa mbali huko baharini. Kwenye ramani ya ofisini kilionekana kama uchafu ulioachwa na nzi, na mimi kweli niliwahi kupanguza ramani ile kwa kitambaa nikidhani nasafisha. Serikali yake ilikuwa maskini kama yetu, ila ndogo zaidi, na ilikuwa imefanya ushirikiano na chuo chetu. Wao watatuletea wanafunzi na makarani wa serikali tuwafundishe, sisi tutawapelekea wahadhiri wa kuwashauri. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nilivyoona mimi, wao walituma watoto wao, na sisi tulituma watu wanaopenda kupanda ndege.

Mkubwa wa kupanda ndege alikuwa Naibu wa Mkuu wa chuo. Huyu ndiye mkosaji wa pili, na ndiye hasa. Mtu mnene, mpole wa sauti, kiatu kinang'aa hadi unaona nyasi ndani yake. Yeye alitangulia kwenda kisiwani, na huko akapanda mche wa chai, kwa sababu chai ndiyo sisi. Tangu hapo kila mwaka alisafiri "kuangalia chai yetu inavyoendelea" na kurudi na picha. Moja akaitundika ofisini: yeye na suti yake, kando ya mti unaompita kichwa, una maua ya njano makubwa kama vikombe. Mimi nimelelewa kwenye chai. Chai isiyochumwa huwa mti, ni kweli, lakini ua lake ni jeupe, dogo. Nikatazama picha ile nikajiambia labda ni chumvi ya bahari. Kisiwa ni cha watu, mimi nani.

Halafu Waziri wao akaja kwetu. Mtu mrefu, mwembamba, anaongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alikataa mche wetu. Alitoa wake kwenye mkoba: nazi iliyoota, jani moja la kijani limechomoza kama ulimi. Alikuwa ameipakata kwenye ndege. Akaipanda makaburini, mbele ya kwaya ya akina mama wa usafi, akasema mti huu ndio ushirikiano wetu, na kwamba atarudi kuuona.

Watu wakapiga makofi. Ni mimi tu niliyesikia hayo maneno ya mwisho vizuri.

Jioni Naibu akaniita. Akaniwekea mkono begani, kitu ambacho hakijawahi kutokea kabla wala baadaye.

"Mzee, huo mti ni kama mtoto wangu."

"Ndio, mkubwa."

"Mnazi ukishika, na wewe umeshika. Nitakuandika mimi mwenyewe."

Nikaenda nyumbani mbio. Mke wangu akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Mnazi unaota Kinoo?"

Hilo ndilo swali ambalo Daktari wa Mimea angelijibu. Simlaumu sana, lakini namtaja. Alisomea ngano ng'ambo, na ngano aliijua mpaka mizizi. Alikuja akasimama juu ya ule ulimi wa kijani, mikono mfukoni.

"Mnazi kwa kweli ni jamii ya nyasi," akasema. "Nyasi kubwa tu. Na hapa nyasi si zinaota?"

Nikasema zinaota, mkono wangu ndio shahidi.

"Basi."

Mtu wa pekee aliyeuonea ule mche huruma alikuwa msichana mmoja mwanafunzi, wa huko huko kisiwani. Baridi ilikuwa imemshinda. Alivaa sweta mbili na soksi ndefu za kandanda za kaka yake, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wapishi wa mabwenini, kwa hivyo kilikuwa cha haraka na kisicho na heshima sana. Kila jioni alipita kuusalimia mnazi kwa lugha yao.

"Unamwambia nini?" nikamuuliza siku moja.

"Namwambia avumilie, mzee. Namwambia hata chakula cha hapa utazoea."

Julai ikaja. Niliuvisha mche gunia. Niliuwashia jiko la makaa pembeni, nikakaa nao kama mgonjwa, hadi askari wa lango akaja kuuliza nachoma mahindi bei gani. Mwisho nikachukua blanketi la watoto. Mke wangu akalifuata hadi makaburini, akalivuta kutoka kwenye mti, akalikunja, akalitia kwapani.

"Mti ukikohoa uniite," akasema, akaenda zake.

Mti haukukohoa. Jani likageuka rangi ya karatasi ya kufungia nyama, likalala. Msichana alikuja jioni akasimama kidogo.

"Afadhali yeye amemaliza," akasema. "Mimi bado nina mitihani."

Nikaenda kwa Naibu, kofia mkononi. Nikamwambia mnazi umekufa. Alikuwa anasaini kitu, hakuinua kichwa.

"Haujafa."

"Mkubwa, umekauka kabisa."

"Umepumzika," akasema. "Na hayo maneno ya kufa nisiyasikie tena hapa ofisini."

Basi ulipumzika. Ulipumzika miaka kadhaa, na mimi nikapumzika nao kwenye ukibarua, nikifukuzwa Ijumaa na kuitwa Jumatatu. Naibu aliendelea kwenda kisiwani kuangalia chai. Huko, nilisikia, walikuwa wakimuuliza habari za mnazi, naye alikuwa akiwaonyesha kwa mkono urefu uliofika. Kila safari mkono ulipanda kidogo.

Halafu ukaja ujumbe kwamba ushirikiano unaisha muda, kwamba Waziri anakuja kutia sahihi mpya, na kwamba kabla ya sahihi angependa kuuona mti wake.

Sijawahi kuona Naibu akitembea haraka namna ile. Tulisimama watatu mbele ya jiwe, yeye, Daktari wa Mimea na mimi. Hapakuwa na kitu ila nyasi, na nyasi zenyewe nilikuwa nimezikata vizuri.

"Unatakiwa uwe umefika hapa," Naibu akasema, akainua mkono juu ya kichwa chake. "Ndivyo nilivyowaambia."

Daktari akasema kando ya barabara, hapo hapo Kinoo, watu wanauza miche ya kila aina. Tukaenda na gari la chuo. Muuza miche alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, amekaa kati ya maua kama chifu. Alikuwa na mtende wa mapambo, ule unaopandwa mbele ya mahoteli, umesimama kwenye pipa.

"Huu ni mnazi?" Daktari akauliza.

"Mkubwa, mnataka mnazi?"

"Ndio."

"Basi ni mnazi."

"Una hakika?"

"Mkishaubeba, hakuna mwingine atawaambia si mnazi. Nani atauliza?"

Tukaubeba. Nilichimba shimo, nikaupanda nyuma ya jiwe, nikafagia. Kusema kweli ulikaa vizuri. Naibu akauzunguka, akarudi nyuma, akakunja jicho moja.

"Kesho kutwa akiondoka," akaniambia, "unakuja ofisini na kitambulisho. Barua yako iko tayari, imebaki sahihi."

Msichana wa kisiwani, sasa yuko mwaka wake wa mwisho, alipita jioni ile. Akasimama. Akauzunguka mti mara moja, polepole.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mnazi."

"Sawa."

"Kwani si mnazi?"

"Si nyinyi mmesema? Mimi karatasi zangu za masomo anasaini Naibu. Akisema ni mbuzi, mimi nauliza anakula nini."

Akaenda. Ningemfuata kumuuliza zaidi, tungepona. Lakini hapo ndipo Naibu alipopata wazo la pili, na wazo la pili ndilo lililotuua. Alirudi makaburini saa ya kufunga ofisi, uso umemkunjamana.

"Hauna matunda."

Daktari akatazama juu kama ndiyo kwanza anaona.

"Miaka yote hii," Naibu akasema, "mti mkubwa hivi, hauna hata tunda moja? Atatuona sisi ni watu gani? Ardhi yetu atasema ni tasa?"

Asubuhi yake nilitumwa Ngara, mjini, kutafuta nazi. Naomba mtu wa pwani anayesoma hapa asinirukie. Sisi watatu tulikuwa watu wa bara, wa milimani, na nazi tulikuwa tunaijua kwa sura moja tu, ile ya sokoni: duara, ya kahawia, ngumu, ina nywele. Kwamba ikiwa mtini inavaa koti jingine nene la kijani, na kwamba kuna mtu kule pwani ambaye kazi yake ni kulivua hilo koti kabla nazi haijapanda gari kuja Nairobi, hilo hakuna aliyetuambia. Naibu alikuwa ameenda Mombasa kila Desemba, lakini Mombasa yake ilikuwa ni bwawa la hoteli na gazeti. Ukiniuliza papai linakaaje mtini, nakuchorea. Nazi, nilijua inakaa kikapuni.

Ngara kulikuwa na duka la mzee mmoja wa Kihindi, linauza ubani, unga wa dengu, taa za udongo na vitu vya maombi. Alikuwa na nazi nzuri, zimepangwa kama askari. Nikaomba za kujaza kikapu.

"Nyumba mpya?" akauliza, maana kwao nazi hupasuliwa kubariki kitu kipya. "Au gari mpya?"

"Mti."

"Mti mpya?"

"Ni za mgeni wa serikali, mzee."

"Ah. Serikali." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ugonjwa. Kisha akaanza kunichagulia zile zenye kishungi cha nyuzi juu, kama nywele za mtoto zilizofungwa. "Chukua hii. Mungu napenda hii yenye kishungi. Serikali mimi hapana jua napenda nini."

Vishungi vile ndivyo vilivyotufaa, maana ndipo tulipofungia kamba. Nilipanda juu ya stuli, Daktari akinishikia, Naibu akielekeza kwa miwani yake. Walibishana kidogo. Daktari alitaka nazi zining'inie kwenye ncha za majani, kama maembe. Naibu akasema hapana, aliwahi kuona kalenda, zinakaa katikati. Tukaziweka katikati, zimejikusanya, na nywele zao. Nilishuka nikatazama nikaona ni mti wa kuheshimika.

Wageni wakafika. Kwaya ikaimba. Waziri alikuwa ameota mvi tangu tulipomwona, lakini mwendo ni ule ule. Msichana wa kisiwani alikuwa ameitwa atembee naye kama mtoto wa nyumbani, amevaa sweta moja tu kwa heshima. Waliongea Kiingereza, niliyoyakosa alinijazia yeye baadaye, na akanijazia kwa furaha sana.

Waziri alikuja hadi kwenye jiwe lake, akasoma jina lake, akainua macho.

Alitazama nazi zile kwa muda mrefu. Msichana alitazama viatu vyake, na mabega yake yalikuwa yameanza kutetemeka, nami nikadhani ni baridi.

"Umezaa," Waziri akasema mwishoni.

"Umezaa sana, Mheshimiwa," akasema Naibu.

"Kwetu nazi huwa zina ganda la nje. La kijani. Nene hivi."

Naibu akamgeukia Daktari wa Mimea. Daktari wa Mimea akageukia ngano yake moyoni, hakupata msaada.

"Hewa ya hapa ni kavu, Mheshimiwa," Naibu akasema. "Za kwetu zinatoka zikiwa zimeshamenyeka."

"Ahaa. Na nywele?"

"Baridi," akasema Daktari.

Waziri akatoa leso akajifunika mdomo. Akakohoa. Alikohoa hadi msaidizi wake akaja kumshika mkono. Alipopata pumzi, macho yana machozi, akauliza ni nani anayeutunza mti huu wa ajabu. Naibu hakujua bado kama hilo ni swali la sifa au la kesi, kwa hivyo akanisukuma mbele na yeye akarudi nyuma hatua moja, tayari kwa lolote.

"Nataka kumshukuru mwenyewe," Waziri akasema. "Peke yetu. Huyu binti atatufasiria."

Basi tukatembea sisi watatu kando ya makaburi, Waziri katikati. Wengine walibaki kwenye viti wakitabasamu kwa mbali. Barua yangu ilikuwa ofisini inangoja sahihi, na mimi niliitembelea kichwani kila hatua.

Tulipofika kwenye jiwe la bingwa wa ndondi, Waziri akasimama akasema kitu.

"Anauliza," msichana akasema, "nazi zimetoka wapi. Na mzee, usimdanganye, huyu amezaliwa juu ya mnazi."

Nikatazama kule kwenye viti. Naibu alikuwa ananitazama na kichwa kinaenda juu chini, juu chini, polepole, kuniambia niseme ndiyo kwa lolote. Nikawaza nikisema uongo, barua. Nikisema ukweli, slasha yangu anapewa mwingine Jumatatu. Halafu nikamwangalia yule mtu, nikakumbuka alivyobeba nazi yake mapajani kwenye ndege, na sisi tukamfungia za Ngara kwa kamba.

"Zimetoka Ngara," nikasema. "Kwa Mhindi. Mnazi wako alikufa Julai ile ile. Nilimwashia jiko lakini alikufa."

Msichana akafasiri. Nilitazama nyasi. Nikasikia Waziri anacheka, kicheko cha chini, cha tumboni, anajaribu kukizuia wasikie kule. Akaongea maneno mengi. Msichana akashika mdomo.

"Anasema pole. Anasema hata chai yenu ilikufa. Ilikufa kabla Naibu hajafika uwanja wa ndege."

"Na ile ya kwenye picha?"

"Ni mti wa uani kwa mama mkwe wake Waziri. Kila Naibu akija wanang'oa uzio, wanampigisha picha, wanarudisha uzio. Mama mkwe amechoka."

Hapo na mimi nikacheka. Sikuweza kujizuia. Tukawa watu watatu wazima tumesimama makaburini tunatazama chini, tunatingishika, na kule kwenye viti wakaanza kupiga makofi, wakidhani ushirikiano unakwenda vizuri.

Waziri akajifuta macho, akauliza tena.

"Anauliza wewe unataka nini."

"Mimi?"

"Wewe, mzee. Haraka, wanatuangalia."

"Mwambie nataka kuandikwa. Na nyumba ya mwisho."

Akamwambia. Waziri akafikiri, akanipa mkono, tukarudi. Na katika hotuba yake akasema ameuona mti ambao hajapata kuuona popote duniani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Naibu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema pia kwamba wahadhiri wamebadilishana vya kutosha, na kwamba serikali yake itatia sahihi kwa sharti moja dogo: mtunza bustani wa hapa aende kule aone chai, na wa kule aje hapa aone mnazi. Awe mfanyakazi aliyeandikwa, akasema, maana serikali yake haiwezi kumpa kibarua tiketi ya ndege.

Niliandikwa wiki ile. Naibu alitia mkono kwenye barua yangu haraka kuliko alivyotia kwenye ushirikiano wenyewe. Nikaambiwa nitakuwa majaribioni kwanza, nikithibitishwa ndipo nipewe ufunguo wa nyumba. Mke wangu akaanza kunisagia karanga za safari.

Karanga tulizila wenyewe. Aliyepanda ndege kwa cheo cha mtunza bustani alikuwa shemeji ya Naibu, kaka wa mkewe, muuza vipuri vya magari Westlands. Alisafiri na suti ya vipande vitatu. Huyo ni mkosaji wa tatu, na kama anasoma haya, nataka ajue hajui hata upande gani wa jembe unaingia ardhini. Nilienda kuuliza. Naibu akanijibu kwa upole kwamba mtu wa darasa la nne angepata taabu kule na lugha, na kwamba mtu aliye majaribioni hana haja ya maswali mengi.

Nikafunga kamba ya kiatu.

Shemeji akarudi amenenepa. Muda wangu wa majaribio ukaisha, na siku moja nikaitwa ofisini kwa Naibu kuthibitishwa. Karatasi ilikuwa mezani, muhuri pembeni. Nikasimama na kofia yangu. Na juu ya kichwa chake, mahali pa picha ya zamani, kulikuwa na picha mpya, kubwa, ina fremu.

Ilikuwa ya shemeji na suti yake kisiwani, kando ya mti ule ule wa maua ya njano. Kifua mbele, mkono kiunoni. Mti wote, kila tawi, kuanzia juu hadi chini, ulikuwa umening'inizwa vifuko vya chai, vile vya kuchovya kwenye kikombe, kila kimoja na uzi wake na kijikaratasi chake. Nyuma kabisa, mlangoni, mama mmoja mzee amejishika kiuno. Na pembeni Waziri amesimama wima, uso mkavu kama wa mtu aliye msibani, leso mkononi.

Kicheko kikanipanda. Nikakikamata kwa meno.

Naibu akafuata macho yangu akageuka kutazama picha.

"Unaona," akasema. "Wameupamba kwa ajili yetu. Hawa watu wana adabu."

"Naona, mkubwa."

"Kitu kidogo tu, lakini kinaonyesha heshima."

"Kinaonyesha, mkubwa."

"Mbona umenuna hivyo? Hufurahi?"

"Nafurahi, mkubwa. Ni meno yananisumbua."

Akachukua kalamu. Akaitikisa, haikuandika. Akatafuta nyingine kwenye droo, na mimi nikatazama ramani, nikatazama dari, nikafikiria mazishi ya baba yangu, nikafikiria kila Ijumaa niliyofukuzwa. Akapata kalamu. Akasaini polepole, herufi zile za wakubwa zisizosomeka. Akapuliza wino. Akachukua muhuri, akaugonga, akafungua droo ya chini, akanipa ufunguo.

Nilitembea kwa adabu hadi nje ya mlango, nikashuka ngazi kwa adabu, nikavuka nyasi zangu. Nilifika kwenye jiwe la askofu ndipo nikakaa chini. Askari wa lango alikuja akafikiri nimefiwa.

Jioni tulihamia nyumba ya mwisho, waliokuwa ndani walikuwa wameshahama, vitu vyote kwenye mkokoteni mmoja. Mke wangu hakungoja vitanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa hewa na mdudu mmoja, likanyamaza. Upande ule siku zile maji yalikuja yakipenda. Alilitazama kidogo, kisha akalifunga, akalikaza vizuri, akachukua kitambaa akaanza kulipangusa.